Asubuhi inawaka kiki ya kwanza, Pongwe inazima

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki, Honda CB125S ya mwaka 1974, niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Ilikaa bandani hapa Chumbageni, Tanga, miaka sita bila kuguswa. Nimeifufua: petroli mpya, plagi mpya, kabureta imesafishwa mara tatu. Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili. Nikitoka mjini kuelekea Muheza, nikikaribia Pongwe inaanza kumisi, inapiga milio kwenye ekzosi, na nikipunguza mwendo inazima. Nikiwasha taa ndiyo inazidi. Nikiipumzisha nusu saa kivulini, inawaka na kwenda kama si yenyewe. Plagi nikiitoa ni nyeusi kama masizi ya sufuria. Fundi mmoja anasema silinda imekwisha, ichongwe na iwekwe pistoni kubwa. Mwingine anasema nitoe mfumo wote wa moto niweke wa bodaboda. Nami nataka niipeleke Lushoto sikukuu ya Idi. Nimfuate yupi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie wote wawili wasubiri kwanza, na hela yako iache mfukoni. Umeniandikia jambo ambalo wateja wangu wengi huninyima: umesema inaumwa saa ngapi, ikiwa wapi, na inapona vipi. Mtu akiniletea pikipiki akasema "inasumbua tu", nusu ya siku yangu imeisha.

Tuanze na silinda, kwa sababu ndiyo gharama kubwa. Injini iliyokwisha ringi na pistoni husumbua zaidi ikiwa baridi. Asubuhi unapiga kiki mpaka jasho linakutoka, ikikubali inatoa moshi wa buluu, na plagi inatoka imelowa oili. Yako inawaka kiki ya kwanza. Umesema masizi ya sufuria. Hebu yaguse kwa kidole. Yakiwa unga mkavu unaopukutika, hayo ni ya petroli isiyoungua. Yakiteleza kama grisi, hapo ndipo nitamsikiliza fundi wako wa kwanza. Nina hakika ya tisa kwa kumi kwamba ni unga.

Nasema hivi kwa sababu kosa la kuchonga silinda bila sababu nimelifanya mwenyewe. Miaka hiyo nikiwa na gereji yangu Ngamiani, mzee mmoja wa Muheza aliniletea pikipiki yenye dalili hizi hizi. Nikachonga silinda, nikaweka pistoni mpya na ringi mpya, nikamkabidhi kwa maringo. Hakufika kwake. Alirudi akiisukuma, amevua kanzu ameitundika kwenye usukani. Ugonjwa ulikuwa kwenye kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoitwa kondensa. Hela ya kuchonga nilimrudishia, lakini ile kanzu kwenye usukani mpaka leo naiona.

Sasa tufikiri. Ugonjwa wako ni wa waja leo waondoka leo, kama mji wetu wenyewe. Kitu gani kwenye pikipiki hubadilika kati ya Chumbageni na Pongwe, kisha kikajirudi baada ya nusu saa ya kivuli? Joto la injini, nguvu ya betri, na hewa ndani ya tanki. Kabureta haimo. Jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, iliyoziba Pongwe imeziba na Chumbageni pia. Kwa hiyo kuisafisha mara ya nne ni kumfurahisha fundi tu.

Anza na tanki kwa sababu ni bure. Mfuniko wa tanki una tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie juu yake, la sivyo tanki linanyonya kwa ndani na mafuta hayateremki tena. Pikipiki iliyokaa bandani miaka sita ni nyumba ya nyigu. Wale wa udongo hawaachi tundu. Siku itakapozima, kabla hujafanya kingine chochote, fungua mfuniko ukiwa umeinamisha sikio. Ukisikia mluzi wa hewa ikiingia, na ikawaka papo hapo, umepona kwa gharama ya sindano ya kuzibulia. Lakini sitegemei sana. Pikipiki inayokosa mafuta hutoa plagi nyeupe, na yako ni nyeusi.

Nyeusi, nadhani, ndiyo iliyofanya kabureta isafishwe mara tatu. Mtu ameona masizi akasema mafuta mengi. Ni kweli mafuta mengi huleta masizi, ila moto dhaifu nao huyaleta: petroli ya kiasi kile kile inaingia, cheche haina nguvu ya kuiunguza yote, inayobaki inakuwa masizi kwenye plagi, na nyingine inatoka mbichi hadi kwenye ekzosi ya moto na kulipukia humo. Hiyo ndiyo milio yako. Kisha masizi yenyewe yanapitisha umeme, yanauiba kabla haujaruka, na cheche inazidi kudhoofika. Ndiyo maana plagi mpya inakupa raha ya siku mbili halafu unarudi pale pale.

Pikipiki yako inachukua moto wake kutoka kwenye betri ya volti 6. Hukunitajia betri hata mara moja. Kama bado ni ile iliyolala miaka sita, huyo ni mtuhumiwa wangu wa kwanza. Betri iliyochoka ikipumzika usiku hujikusanya kidogo, inakupa kiki ya kwanza kwa madaha, kisha unavyokwenda inashuka, na ukiwasha taa unaigawa ile kidogo iliyobaki. Mtuhumiwa wa pili ni kondensa. Yeye hupungukiwa anapopata joto, na akipoa anarudia hali yake. Umeona? Wote wawili wanaeleza Pongwe, na wote wawili wanaeleza nusu saa ya kivuli. Ile taa inanisogeza kwa betri, ila haitoshi kumhukumu.

Kuwatenganisha ni kazi ya mita ya umeme, ile ndogo ya bei rahisi wanayotumia mafundi redio. Beba mita, plagi moja mpya na spana ya plagi, nenda zako kuelekea Pongwe. Ikizima, usiipumzishe. Pima betri saa hiyo hiyo. Betri nzima ya volti 6 ikitulia inasoma 6.3 hivi. Ukisoma chini ya 6, betri imekwisha au haichajiwi. Itoe ukachaji vizuri nje ya pikipiki kisha urudie safari. Kwa chaji kamili hata mfumo wa kuchaji ukiwa umekufa utafika Muheza. Ukifika bila kumisi, jibu unalo, na kinachobaki ni kujua kama ni betri au ni rektifaya, kile kidude kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, inayogoma kuilisha. Injini ikiwa kwenye resi ya wastani, mita lazima ipande zaidi ya ilivyosoma injini ikiwa imezimwa, ifike 7 hivi. Isipopanda, anza na viunganishi kabla ya kununua rektifaya. Hewa ya bahari yetu inakula shaba mpaka inageuka kijani, na waya wa ethi uliofungwa kwenye fremu yenye kutu ni kama haupo. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga.

Mita ikisema betri nzima, toa plagi, weka ile mpya kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu tundu hilo linatema mvuke wa petroli. Washa swichi, piga kiki. Kivulini, cheche nzima ni ya buluu, nene, na unaisikia ikidata. Ikiwa njano, nyembamba, inaruka mara moja na kupumzika mara mbili, twende kwenye pointi.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu vijana wengi waliojifunzia kwenye bodaboda hawajawahi kuziona. Upande wa kushoto wa kichwa cha injini kuna kifuniko kidogo cha mviringo chenye skrubu mbili. Kifungue. Ndani kuna sahani, na juu yake vidole viwili vya chuma vinavyofungana na kuachana kila kamshafti inapozunguka. Vikifungana koili inajaa umeme. Vikiachana koili inautema kwenye plagi. Kazi ya kondensa ni kuumeza umeme unaotaka kurukia kati ya vidole wakati vinaachana. Kondensa akifa, cheche inarukia pale badala ya kwenye plagi, na vidole vinaungua.

Subiri magharibi, taa ya banda izimwe. Kifuniko kikiwa wazi na injini imeshapata moto, iache ingurume taratibu, uchungulie. Kondensa mzima unaona nukta ya buluu, ndogo kama kichwa cha pini, pengine usiione kabisa. Kondensa mbovu unaona kama mtu anachomelea vyuma humo ndani: cheche kubwa, nyeupe hadi manjano, inayotapakaa. Nilivyooneshwa hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kitu nilichokuwa nikikitafuta kwa spana kilikuwa kinanipungia mkono.

Kondensa ya asili ya Honda huenda usiipate Tanga, nawe usihangaike nayo. Kondensa ya gari lolote la petroli la zamani lenye pointi, Land Rover au Peugeot 504, ina kipimo kinachokaribiana, kama mikrofaradi 0.2 na kitu. Madukani zipo, na kwenye maskrepa pia, ila ya skrepa nunua mbili. Faida yake nyingine ni kwamba unaweza kuiweka chini ya tanki karibu na koili, mbali na joto la kichwa cha injini. Waya wake mmoja unaunga kwenye waya wa pointi, na mwili wake unafungwa kwenye chuma safi. Hii si njia ya panya. Pikipiki yangu inatembea hivyo.

Ukishabadilisha kondensa, zitazame pointi zenyewe. Kidole kimoja kikiwa na kichuguu na kingine na shimo, nunua mpya ukipata. Zikiwa zimeungua juu juu, zisugue kwa tupa nyembamba. Msasa usitumie, chembe zake hunasa kwenye chuma na kuzuia umeme. Kisha pitisha kipande cha karatasi kilicholoweshwa petroli, malizia na karatasi kavu, kadi ya harusi inafaa. Nafasi kati ya vidole, vikiwa vimeachana kabisa, iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Nafasi ikibadilika, wakati wa moto, yaani lini cheche inaruka, nao unabadilika. Ile ngozi ngumu inayokanyaga kamu, wenyewe tunaiita kisigino, ikilika nafasi inapungua na moto unachelewa. Paka kisigino tone moja la grisi. Moja. Ukizidisha grisi itarukia kwenye vidole, na utaniandikia tena.

Wakati wa moto unaukagua kwa balbu ndogo ya volti 6: waya mmoja kwenye waya wa pointi, mwingine kwenye mwili wa injini. Toa plagi, washa swichi, zungusha sumaku taratibu kwa spana kuelekea upande inakozunguka injini ikiwaka. Balbu lazima iwake pale tu alama ya F iliyo kwenye sumaku inapofika kwenye mstari wa kwenye injini. Ikiwaka mapema au baadaye, legeza sahani ya pointi uisogeze kidogo kidogo. Na ukimaliza zima swichi. Pointi zikiwa zimefungana na swichi imewashwa, koili inapikwa na betri inakwisha, nawe umekwenda kunywa chai.

Kuna jambo la tatu lenye tabia ya kuonekana injini ikishapata moto, nalo ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Kama valvu ya kutolea moshi imebana, chuma kikitanuka kwa joto inabaki wazi kiduchu, msukumo unavuja, na injini inakataa kutulia kwenye moto mdogo. Umesema inazima ukipunguza mwendo. Kwa hiyo kagua hata kama kondensa ndiye mwizi. Ni lazima injini iwe imelala usiku kucha. Alama ya T ikiwa kwenye mstari na tapeti zote mbili zikiwa huru, nafasi ni milimita 0.05 kwa kila moja. Hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, kwa hiyo usikadirie kwa jicho wala kwa wembe. Nunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Anayekwambia tapeti zikipiga kelele kidogo ni mbaya, mwambie zikinyamaza kabisa ndiyo mbaya zaidi.

Kuhusu kabureta nina maswali mawili tu. La kwanza, ni nani aliyeisafisha na alizibulia jeti kwa kitu gani? Kama ni waya wa breki, matundu yameshapanuka na masizi mengine yatatoka huko. La pili, fungua ea klina, kile kichujio cha hewa. Sponji ya asili inaoza yenyewe kwenye joto la pwani, na nimekuta pikipiki zimewekewa kipande cha godoro. Godoro halipumui. Ikiwa ndivyo, hilo nalo lina mchango kwenye weusi wa plagi yako. Choki nayo hakikisha inarudi mpaka mwisho.

Petroli nunua kituoni, si ya kwenye chupa za barabarani. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukomesha mchezo wa kuyachanganya, ila chupa inayokaa juani pembeni mwa barabara ina vituko vyake vingine, maji yakiwemo.

Nimrudie fundi wako wa pili, yule wa kuweka mfumo wa bodaboda. Nia yake si mbaya, lakini hajaufikiria mpaka mwisho. Koili ya bodaboda hulishwa na kile kiboksi cha CDI, kinachoisukumia umeme wa mamia ya volti kwa kishindo kimoja. Ukiifunga kwenye pointi zako za volti 6, haipati kishindo hicho; inachofanya ni kunywa umeme mwingi kupita kiasi na kuunguza pointi. Na akitaka kuhamisha kila kitu, kiboksi hakifanyi kazi bila sumaku na koili zake za ndani, ambazo hazikutengenezewa krenki yako. Utaishia na pikipiki isiyo Honda wala bodaboda. Kitu kimoja unachoweza kuwaazima bodaboda ni plagi: baadhi yake zina uzi na urefu sawa na yako. Soma tu maandishi. Ikiwa na herufi R ina ukinzani ndani, na kama kofia ya plagi yako nayo ina ukinzani, unaubana mara mbili moto ambao tayari ni mdogo. Tafuta isiyo na R. Kofia yenyewe izungushe uitoe, kata nusu sentimita ya waya uliooza, irudishe.

Badilisha kitu kimoja, kisha nenda Pongwe. Ukibadilisha betri, kondensa na tapeti siku moja ikapona, hutajua nini kilikuponya, na siku ikirudi utaanza upya.

Ama Lushoto. Kutoka usawa wa bahari hadi mji ulioko kama mita 1,400 juu, hewa inakuwa nyepesi lakini jeti inaendelea kumimina kiasi kile kile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Pikipiki nzima itapungukiwa nguvu kidogo tu na kufika. Yenye plagi nyeusi tangu Tanga itakugomea kwenye kona za kupandia kutoka Mombo, nyuma yako kuna basi. Kama mpaka wiki moja kabla ya Idi hujafika Muheza na kurudi bila kumisi, taa ikiwa imewashwa, panda basi hilo hilo. Ukiwa umefika na kurudi, nenda nayo, na chini ya kiti weka kondensa ya akiba, plagi mbili, fila geji na kile kipande cha kadi ya harusi.